Kachumbari ya Bi Harusi

Mji ule ulikuwa na desturi moja ya kichokozi: chakula cha kwanza ambacho bi harusi aliwapikia mawifi zake ndicho kilichompa jina la utani, na jina hilo halikumtoka mpaka kaburini. Zena alilijua hilo, akapika pilau ya kulamba vidole. Kilichomponza ni kachumbari. Alikata matango na nyanya asubuhi na mapema, akamwagia chumvi papo hapo ili ikolee. Alipofunua bakuli mbele ya wageni, matango yalikuwa hoi, yakielea ziwani.

"Wifi," akasema Mwanakombo, mkubwa wao, "hii tule au tuoge?"

Wenzake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Zena akaliona jina la Bi Dimbwi likimjia mbio. Bahati nzuri akakumbuka baiolojia ya shule.

"Maji yalikuwa ndani ya tango, wifi. Kila seli ina utando, kama pazia la mlangoni, na maji yanapenya. Chumvi ilipojaa huku nje, yakatoka kuifuata."

"Yakahama kwao?"

"Yakahama."

"Kisa chumvi?"

"Ndiyo, wifi."

"Basi yana akili kama zako! Si umehama kwenu kumfuata kaka yetu, na yeye hata hiyo chumvi hana!"

Safari hii Zena ndiye aliyeanza kucheka. Mwanakombo akalinyanyua bakuli kwa mikono miwili, akanywa. Wote wakamkodolea macho, wakilisubiri jina. Juu ya ukingo wa bakuli zilionekana nyusi zake tu, zikipanda polepole. Kisha akalishusha, akalamba midomo: "Bi Dimbwi, niongezee!"