Zaburi Aliyoichagua Mama

Fundi alifunua zaburi ya mchungaji, akaisoma kwa sauti. Kidole cha mama yake kikatulia tuli juu ya shuka. Akafunua ya shukrani, wapi! Alipofika ile ya kuomba kuokolewa na adui, kidole kikaanza kugonga, kikagonga wee.

"Ileile," dada yake akasema kutoka jikoni. "Mama anamjua anayemmaliza."

Tangu apigwe na kiharusi, mama hakubakiwa na kiungo kingine kinachomtii, hata ulimi. Na alikuwa anakwisha, jamani. Fundi, bingwa wa kufufua injini zilizokufa, alimtazama anavyonyauka, roho ikamuuma.

"Ni nani?"

"Nani tena kama si jirani? Kila siku yumo humu na uji wake. Jana kang'ang'ania anisaidie kumwogesha!"

Dada mtu alisifiwa na kila mtu. Aliacha kazi, akaacha na mchumba, ili amuuguze mama. Kila jioni alijifungia naye kumwogesha, huku akisoma zaburi hiyo kwa sauti ya kutikisa bati. Fundi alikuwa akikaa sebuleni akisikiliza, machozi yakimlengalenga.

Jirani alipotokea na bakuli, fundi alimzuia mlangoni.

"Uji wako tumeuchoka. Mwachie mama yangu roho yake."

Jirani hakufoka. "Mwanangu, mfunue mama yako, umtazame mgongo."

"Mimi? Nimfunue mama yangu mzazi? Huna haya wewe!" Fundi akampokonya bakuli, akamwaga uji nje. "Nikikuona tena hapa, tutaonana wabaya."

Jirani akaondoka analia. Fundi akashusha pumzi, akakimbilia chumbani.

"Nimemfukuza, mama. Umeokoka."

Mama akamkodolea macho, yakajaa maji, yakafurika. Kidole kikagonga kitanda kwa nguvu asizowahi kumwona nazo. Ni furaha, fundi akajiambia, akambusu kwenye paji la uso.

Dada akaingia na beseni. "Tupishe, mdogo wangu."

Mlango ukafungwa. Zaburi ikaanza, leo kwa sauti kubwa kuliko jana. Fundi akajinyoosha kwenye kochi, moyo mweupe kabisa.

Katikati ya mstari dada akapaliwa, akakohoa, kusoma kukakatika.

Mle ndani, viboko viliendelea kulia.