Zulia la Bwana Tausi

Bwana Tausi alikuwa na zulia zuri mno, hata mwenyewe hakuthubutu kulikanyaga. Alikula wima, uani, asije akamwaga mchuzi. Huo ndio ustaarabu.

Jirani yake, Bi Nungunungu, alikuwa na mkeka uliokwenda upande, kwa sababu kila mgeni aliyesubiri ubwabwa uive alipewa miyaa asuke kipande chake, ajue asijue.

"Aibu gani hii!" Tausi akamwambia mbele ya majirani. "Njooni kwangu leo mjifunze kula."

Majirani wakaenda. Wakaambiwa wapanguse miguu, wasiegemee, wasimwage. Sahani hazijafika, wakasema wameshiba, wakashukuru sana, wakakimbilia kwa Bi Nungunungu.

Harufu ya nazi ikamfuata Tausi hadi uani kwake. Akaenda kupiga hodi.

"Nimekuja kuukagua mkeka tu."

"Karibu, jirani. Kagua ukiwa umekaa. Nawa kwanza."

Akaukagua mpaka sinia likabaki jeupe. Kisha akapewa miyaa, naye akasuka chake.

Sasa mkeka umezidi kwenda upande. Na pale ulipopinda kuliko kote, Bwana Tausi hataki kabisa mtu mwingine apakalie.