Programu ya Saa Saba na Robo

Laptopu ya nesi ilimtoa jasho fundi Hemedi wiki nzima. Mwanaidi, kijana aliyefundishwa kazi na Hemedi mwenyewe, akaifufua kwa asubuhi moja. Kijicho kikamwingia Hemedi. Mwanaidi alipokwenda kuswali adhuhuri, Hemedi akachomeka waya kwenye chipu inayoamua kompyuta iwake au isiwake, akaitia programu mbovu.

Nesi alipokuja, Mwanaidi akabonyeza swichi. Kimya. Hemedi akajikohoza kwa raha. Kumbe chipu ilikuwa ikikagua. Ilipoikosa saini ya kiwanda kwenye programu ile, ikairudisha nakala safi iliyokuwa imehifadhiwa ndani. Kioo kikawaka na maandishi: “Programu iliyoingizwa saa saba na robo imekataliwa.”

Mwanaidi akautazama waya, ungali mkononi mwa Hemedi.

“Shikamoo, fundi,” akasema, kana kwamba ndiyo kwanza wanaonana leo.

Hemedi akaitafuta marahaba, asiipate.