Kifuta Machozi

Katika mji ule, mwanamume akikataliwa posa alipelekewa kitambaa cheupe kilichokunjwa na binti mwenyewe. Kiliitwa kifuta machozi, na ndipo lilipoanzia jina la kila zawadi ya kumpoza mtu.

Badi alikabidhiwa chake mlangoni kwake na shangazi wa Mwatime, binti aliyemposa.

"Pole, baba. Amekukataa."

"Amesema mwenyewe?"

"Kwa kinywa chake," shangazi alijibu, macho chini.

Badi alikikunjua. Katikati kilikuwa kibichi.

"Kimelowa njiani," shangazi aliwahi kusema, akinyoosha mkono. "Lete nikakubadilishie."

Nje jua lilikuwa kali. Badi alikigusa kwa ncha ya ulimi, akaonja chumvi.

Akakifumbata, akainama kutafuta viatu vyake.