Mshike Kichwa, Subiri Machela

"Piga magoti, shika kichwa!" aliamuru Afande Zawose.

Kibwana akapiga magoti nyasini. Ilikuwa siku yake ya kwanza katika kikosi cha kujitolea cha uokoaji. Mwaka jana mdogo wake aliteleza kwenye majabali akaanguka chini, na Kibwana akambeba mgongoni peke yake hadi mjini. Alifika na maiti. Aliamini alichelewa tu, na alijiunga ili ajifunze kwenda upesi zaidi.

Mbele yake Dafrosa, mwenzake kikosini, alilala chali akijifanya majeruhi.

"Aliyeanguka kutoka juu huenda amevunjika shingo," Afande alisema. "Usimwinue. Mshike kichwa kisitikisike, subiri machela."

Kibwana aliuliza, "Na ukimbeba mgongoni, afande?"

"Basi unammaliza wewe mwenyewe."

Wenzake walicheka. Yeye alimsikia mdogo wake njiani siku ile, "Kaka, nishushe," na miguu yake mwenyewe ikizidi kukaza mwendo.

Filimbi ikalia. Watu wakainuka kwenda kunywa uji.

"Kaka, niachie," Dafrosa alisema. "Zoezi limekwisha."

Kibwana alimsikia vizuri kabisa. Viganja vyake vikabaki palepale, vimekishika kichwa kisitikisike.