Kikomo cha Betri

"Skuta ikizima tena leo, mtoto anaenda kwa dada yangu, na hutamwona tena," mume alisema, akamtupia mkewe simu mapajani. "Nina haraka. Tengeneza."

Simu yenyewe ilikuwa ya mke, ila ilikaa mfukoni mwa mume. Alimpa pale tu alipotaka kazi ifanyike. Kazi ikiisha, huyo, kaichukua.

Mke alipiga magoti sakafuni. Betri ya skuta ilikuwa mbele yake, kifuniko kando, seli zimepangwa safu kwa safu, na juu yake ile bodi ndogo yenye nyaya nyembamba ambayo mafundi huiita bi-em-esi. Hiyo ndiyo bosi wa betri, inayoamua umeme utoke au ukatike. Kabla ya kuolewa alikuwa fundi, tena fundi wa kutafutwa mtaa kwa mtaa. Siku hizi alikuwa na mteja mmoja tu, na mteja mwenyewe ndiye huyo, amemsimamia kama askari jela.

Juzi skuta ilizima katikati ya safari. Vifurushi vya watu haviachwi barabarani, kwa hiyo mume aliisukuma pamoja na mzigo wake mpaka nyumbani, na hasira zote akaja kuzitua kwa mkewe. Jicho la kushoto lilikuwa bado limevimba. Jicho si kitu, jicho hupona. Lakini mtoto! Hilo la mtoto lilimkaba roho, maana wifi yake aliishi mbali, na mume akiapa huwa hatanii.

Alifungua programu kwenye simu, ikaungana na bodi. Namba zikajaa kiooni.

"Umeona tatizo?"

"Nimeliona. Kuna seli dhaifu. Ikichoka, bodi inaogopa, inakata umeme."

"Basi iambie isiogope."

"Naiambia."

Mama mkwe alikuwa mlangoni, kwenye kigoda chake, amempakata mjukuu aliyekwisha kuvalishwa viatu na soksi. Ufunguo wa geti ulikaa kwake. Mwanawe akitoka, yeye ndiye aliyefunga. Tangu mke aingie nyumba ile hakuwahi kumsikia mama huyo akimkemea mwanawe, hata siku ya jicho. Wanasema damu nzito kuliko maji. Ya mama huyu, mke alijiambia, ilikuwa nzito kama uji.

Akaigusa namba ya kikomo cha chini, pale bodi inapokata umeme. Akaipandisha. Akasita, akapiga hesabu kichwani: kilima, daraja, uzito wa vifurushi, uzito wa mume. Akaishusha kidogo. Chonde chonde, alijiombea, leo isizime karibu na nyumba.

"Mbona unachezacheza na hiyo namba?"

"Nikikosea, itakuaibisha njiani."

Namba ya pili ilikuwa ya kuamka: bodi ikishakata, ikubali kutoa umeme tena lini. Hiyo aliipandisha mpaka juu kabisa. Mume akainama, akazikodolea macho namba zote, akaguna. Ujuzi wake wa betri uliishia kwenye kuichomeka ukutani.

Kifuniko kikarudi, betri ikaingia chini ya kiti. Mume akapanda, akaenda mpaka juu ya mtaa, akarudi anacheka.

"Ehee! Sasa hapo umekuwa mke!" Akanyoosha mkono, simu ikarudi mfukoni. Akafunga vifurushi, akavaa kofia. "Nikirudi nimeipanda, mtoto anabaki. Nikirudi naisukuma, unajua."

"Najua."

Geti likafungwa, ufunguo ukazungushwa. Skuta ya umeme haina kelele, kwa hiyo mke alibaki amesimama uani akisikiliza kitu kisichosikika. Alitegemea mama mkwe aingie kuoga kama kawaida yake, aache ufunguo juu ya meza.

Mama mkwe hakwenda kuoga. Alibaki palepale getini na mtoto kiunoni.

"Itazima wapi?" akauliza.

"Haizimi, mama. Nimeitengeneza, umeniona mwenyewe…"

"Nimekuona. Na mtoto nimemwona. Viatu vya nini asubuhi yote hii, na geti limefungwa? Sema, itazima wapi?"

Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na hakuwa na pa kukimbilia.

"Ng'ambo ya daraja," alinong'ona. "Na haiwaki tena mpaka ichomekwe kwenye chaji. Mama, nakuomba, usimpigie simu. Nifanye utakavyo mimi, ila mtoto usimpe. Nakuomba, mama yangu."

Alikuwa analia sasa, mikono ameinyoosha kumpokea mwanawe. Mama mkwe akampa. Kisha akamgeuzia mgongo, akafungua geti, akaliacha wazi, akaingia chumbani kwake. Mke alishindwa kusogea, akidhani ni mtego. Mama alipotoka alikuwa amebeba mfuko wa nguo uliofungwa kwa kamba, na kamba yenyewe imeota vumbi.

"Twende, mwanangu," alisema. "Mume wangu mimi alikuwa akienda kazini kwa miguu. Sikuwa na cha kuzima."