Upande wa Yona

"Nimemsaliti mwanangu," alisema Mzee Nathanaeli. "Nataka ujue hilo kabla hujaigusa."

Evaresta, fundi wa kompyuta pale mtaa wa Levolosi mjini, alikuwa ameshamwamkia, akamvutia kiti, akanyoosha mikono yote miwili aipokee kompyuta. Mzee aliendelea kuikumbatia ndani ya sweta kuukuu. Wateja wengi wa Evaresta huapa kwamba hawakugusa kitu, mashine ilijiharibu yenyewe. Huyu alikuwa wa kwanza kuja kukiri.

Akasimulia. Kompyuta ilikuwa na mifumo miwili ya kuiendesha, yote imewekwa na duka walikoinunua, kwa maagizo ya mwanawe Yona. Ukiiwasha ilileta mistari miwili uchague. Wa juu ulikuwa wa baba, wa kusikilizia kwaya siku za Jumapili. Wa chini ulikuwa wa Yona, wa kazi, na mzee hakuwahi kuugusa, kama mtu asivyofungua barua ya mwenziwe. Yona alikuwa akiandika programu za kampuni moja ya ng'ambo. Kila siku alijifungia nayo chumbani mpaka chakula cha mchana, na nyumba nzima ikatembea kwa kunyata. Hata jogoo alifukuzwa dirishani. Baba aliwahi kuomba aonyeshwe hiyo kazi japo kidogo, akaambiwa mkataba hauruhusu. Akaridhika. Mtoto mwenye mkataba si haba.

Basi Jumapili moja, baada ya ibada, kompyuta ikamwomba mzee ruhusa ya kujiapdeti. Akakubali, aliona ni adabu. Ilipowaka tena, ile mistari miwili haikuwapo. Ikaingia moja kwa moja kwenye kwaya.

Yona hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alikaa kizingitini akasema kazi ya mwaka mzima imefutika, kampuni imemfukuza na sasa inamdai fidia. "Umenisaliti," alisema. Tangu siku hiyo aliacha kumwita baba. Akawa anamwita "mzee", kama anavyomwita yeyote anayepishana naye njiani.

Sasa, kule Poli, kwenye miteremko ya Meru, baba hamwombi radhi mtoto. Mtoto ndiye anayeomba, na akichelewa, wajomba humkumbusha. Tena Nathanaeli alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kupatanisha wengine. Lakini moyo ulimuuma hadi chakula kikamshinda. Akawaita ndugu zake, akasimama mbele yao, akamwomba mwanawe msamaha. Sifael, kaka yake mkubwa, aliinamisha uso kwa aibu. Nathanaeli hakuishia hapo. Alimkabidhi Yona shamba la juu, lenye mibuni aliyoipanda marehemu mkewe, auze alipe hiyo fidia. Mnunuzi hakuwa na haja na kahawa, alitaka viwanja. Mibuni yote ilikuwa imeshakatwa.

"Shamba silililii," mzee alisema, akafuta machozi. "Ninachotaka ni kazi yake. Nikimrudishia kazi yake, labda ataniita baba."

Yona mwenyewe hakujua kwamba kompyuta imeletwa mjini. Alishakataa isipelekwe kwa fundi. Kilichokufa kimekufa, alisema, wasimtoneshe kidonda. Mzee aliona hayo ni maneno ya mtu aliyekata tamaa, na asubuhi ile Yona alipotoka, akaiviringisha kwenye sweta akateremka nayo.

Evaresta aliipokea kompyuta, akachomeka flashi yake, akaiwasha kwa kupitia hapo, akapekua diski. Akatabasamu.

"Mzee, hujaua kitu. Ule mfumo wa pili upo mzima. Kilichoondoka ni mlango tu. Ile apdeti iliifuta orodha ya kuchagulia, kompyuta ikasahau kwamba kuna upande mwingine. Naurudisha sasa hivi."

Nathanaeli akavua kofia, akashukuru Mungu kwa sauti. Dada mmoja aliyekuwa akisubiri chaja akaitikia amina. Furaha ilimpanda mzee kichwani, akaanza kupanga mambo. Angepitia soko la Kilombero kununua nyama. Angemwita Sifael na wote walioshuhudia aibu yake, waje washuhudie na hili. Angemketisha Yona mbele ya kompyuta bila kumwambia neno, amwache aione mwenyewe. Alicheka peke yake kama bwana harusi.

Evaresta aliandika amri chache, akachomoa flashi, akaiwasha upya. Mistari miwili ikatokea.

"Huo wa chini," mzee alisema, akiuelekezea kidole kwa mbali. "Ndio wa Yona."

Evaresta akauchagua. Kioo kikawa cheusi, kisha kikajaa mwanga, yakatokea maneno ya kukaribisha na kisanduku kitupu. Evaresta alikiangalia kisanduku kile. Akazima, akawasha tena, akachagua mstari uleule, maana hakutaka kukosea mbele ya mtu mzima. Kisanduku kikarudi.

Mzee alisogeza kiti. Akauliza kama inataka neno la siri. Kama ni hilo, Yona angelijua, wasihangaike.

"Haitaki neno la siri, mzee," Evaresta alisema taratibu. "Inauliza jina la mtu atakayeutumia mfumo huu. Huuliza mara moja tu, siku unapofunguliwa kwa mara ya kwanza. Huku hajawahi kuingia mtu."